Askari wa barabarani Marekani anaweza kukuzuia kwa muda gani?

Madereva ninaowatetea hapa Marekani huniuliza: "Wakili, polisi ana dakika ngapi za kuniweka pale kando ya barabara?" Wanataka namba, na namba haipo. Mwaka 1985, katika kesi ya Sharpe, Mahakama ya Juu ilikataa kuweka kikomo cha dakika, na dakika 20 za kesi ile ikaona hazikuzidi.

Kinachopimwa ni kazi iliyomfanya askari akusimamishe. Kama ni mwendo kasi, ataangalia leseni, kadi ya gari na bima, atahakikisha hutafutwi kwa hati ya kukamatwa, kisha atakupa tiketi au onyo. Hayo yakiisha, au yakipaswa kuwa yameisha, lazima akuachie, isipokuwa ana shaka yenye msingi, yaani sababu anazoweza kuzitaja, si hisia tu, kwamba kuna kosa jingine.

Tazama kesi ya dereva Rodriguez. Usiku wa tarehe 27 Machi 2012, huko Nebraska, gari lake liliingia kidogo pembeni ya barabara. Alisimamishwa saa 6:06 usiku. Ilipofika saa 6:27 au 6:28, onyo la maandishi lilikuwa mkononi mwake na karatasi zake amerudishiwa. Askari mwenyewe alikiri mahakamani kuwa sababu za kumsimamisha zilikuwa zimekwisha. Hata hivyo aliomba kumzungusha mbwa wa kunusa kwenye gari. Rodriguez akakataa. Akaamriwa azime injini, ashuke, asubiri askari wa pili. Dakika saba au nane baada ya lile onyo, mbwa akaashiria dawa za kulevya, na zikapatikana.

Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilisema, kwa kura sita dhidi ya tatu, kwamba hata dakika hizo chache zinahitaji shaka yenye msingi. Mbwa akinusa wakati tiketi ingali inaandikwa, bila kurefusha chochote, hakuna kosa. Hilo liliamuliwa mwaka 2005 katika kesi ya Caballes. Shida ni muda unaoongezwa.

Inaniuma kusema kwamba Rodriguez mwenyewe hakuokoka. Kesi iliporudi mahakama ya chini, ushahidi ulikubaliwa kwa sababu polisi walifuata kwa nia njema sheria ya eneo lao ya wakati ule.

Wateja wangu wengi hunaswa pale askari anaporudisha leseni halafu anauliza, kwa upole kabisa, "Naweza kuangalia ndani ya gari?" Tangu kesi ya Robinette ya 1996, halazimiki kukwambia kwanza kwamba uko huru. Ukikubali, mabishano ya dakika hayatakusaidia sana. Kwa hiyo jibu kwa heshima: "Hapana, sikubali upekuzi. Je, niko huru kwenda?" Akisema subiri, subiri, usiwashe gari wala usibishane. Kariri saa uliyopokea tiketi na saa aliyokuachia. Nitakapoomba video ya polisi, hapo ndipo nitakapoanzia.