Mafunzo ya utafiti wa bakteria simbionti wa wadudu ni nini?

Bakteria simbionti ni yule anayeishi na kiumbe kingine kwa kudumu, na kwa wadudu mara nyingi hukaa ndani ya seli zenyewe. Vidukari, wanaofyonza utomvu wa mimea, wanaye Buchnera, anayewatengenezea asidi amino zilizo haba kwenye utomvu. Mbung'o hupata vitamini B kwa Wigglesworthia, maana mlo wa damu tupu hautoshi. Wolbachia, aliyegunduliwa ndani ya mbu mwaka 1924, ni mjanja zaidi. Hurithishwa na mama kupitia mayai, kwa hiyo dume hamfikishi popote, na katika baadhi ya wadudu huwaua madume wakiwa bado mayai.

Mafunzo ya utafiti hapa maana yake ni kujifunza kazi kwa kuifanya, chini ya mtafiti mzoefu: shahada ya uzamili au uzamivu, nafasi ya baada ya uzamivu, au wiki chache tu za maabara. Ugumu wake ni kwamba wengi wa bakteria hawa hawaoti kwenye sahani ya maabara. Ukimtaka bakteria, mfuge mdudu.

Chukua jaribio la kawaida la Wolbachia. Ukoo mmoja wa mbu hugawanywa mara mbili, nusu moja ikapewa tetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria, hadi kipimo cha PCR, kinachotafuta DNA ya bakteria, kionyeshe hayupo tena. Kisha husubiriwa vizazi kadhaa, kwa sababu dawa yenyewe hudhuru mitokondria (sehemu za seli zinazotengeneza nishati) na ingeweza kupotosha majibu (wanaoanza huona hatua hii inawachelewesha, lakini hairukwi). Ndipo madume na majike wa pande zote mbili hupandishwa kwa njia nne, na mayai yanayoanguliwa huhesabiwa chini ya hadubini. Yakikataa kuanguliwa pale tu dume mwenye bakteria alipompanda jike asiye naye, athari ya Wolbachia imeonekana.

Wajuzi wa kompyuta nao wana nafasi. Jenomu ya Buchnera, yaani DNA yake yote, iliyosomwa mwaka 2000, ina herufi kama 640,000 tu; ya E. coli, bakteria wa utumbo, ina milioni 4 na zaidi. Kutafuta ni jeni zipi zilipotea, na mdudu anafidiaje, ni kazi ya uzamivu mzima.

Kabla ya kuomba nafasi, uliza kama maabara ina wadudu wake yenyewe, na nani huwalisha Jumapili. Mara nyingi ni mwanafunzi.