Sogea Karibu Kwanza, Mtindo Utauliza Baadaye

Kila nikifika kwenye somo la wachoraji wa Uingereza wa leo, hakosi mwanafunzi wa kunyoosha mkono: "Mwalimu, mtindo wao hasa ni upi?" Zamani nilikuwa najiumauma. Siku hizi namwambia aache mtindo kwanza, asogee karibu na picha, aangalie rangi imewekwaje na imekaa juu ya nini.

Mchukue Frank Auerbach, aliyefariki mwaka 2024. Aliletwa Uingereza kutoka Berlin mwaka 1939, bado mtoto, na kuanzia 1954 alichora katika studio ileile huko Camden, London. Kwenye picha zake za mwanzo rangi ya mafuta imerundikana kama udongo wa kukandika ukuta. Baadaye akawa mtu wa kukwangua. Anachora kutwa, hakuridhika, anakwangua yote, kesho anaanza upya. Picha moja ilimlia miezi, nyingine zaidi.

Sasa mweke karibu naye Lynette Yiadom-Boakye, aliyezaliwa London mwaka 1977 kwa wazazi kutoka Ghana. Huyu amejulikana kwa kumaliza picha siku hiyohiyo, rangi ingali mbichi. Na watu anaowachora hawapo duniani, amewatunga mwenyewe. Mkunjo wa shati kwake unaweza kuwa mpigo mmoja tu wa brashi.

Bridget Riley, yeye kwa miaka mingi amepanga mistari na rangi zake kwenye karatasi, halafu wasaidizi ndio wanaopaka turubai, kile kitambaa cha kuchorea. Wanafunzi wangu huguna hapo. Mimi siguni, maana hata fundi mkuu hashiki kila tofali.

Ninapokawia ni kwa Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi, 1984, aliyesomea uchoraji London. Yeye turubai ameliweka kando, anachora juu ya lubugo. Anayetoka Buganda hahitaji maelezo: gome la mti wa mutuba hubanduliwa, likalainishwa, likagongwa kwa nyundo za mbao hadi likatanuka na kuwa kitambaa, na ndicho wafu walichokuwa wakisitiriwa nacho. Armitage alikutana nacho kwenye soko la vitu vya watalii Nairobi, kimekatwakatwa vipande vya kuwekea vyombo mezani. Gome halinyooki kama turubai. Lina matobo, lina makunyanzi, na vipande inabidi vishonwe pamoja. Mchoraji mwingine angehangaika kuyaficha hayo yote. Yeye anayaacha, kwa hiyo unaangalia umati wa watu kwenye picha, ghafla jicho linatumbukia kwenye tundu na unakumbuka kwamba hiki kilikuwa mti. Kwangu mimi hakuna anayewazidi wenzake kwa ujasiri kama huyu, ingawa nakiri ukaribu wa nyumbani unanipendelesha.

Halafu kuna Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kupelekwa Uingereza angali mchanga. Alipata Tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, mwaka 2017 akiwa na miaka 63, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Amechora juu ya mbao zilizokatwa umbo la watu, juu ya sahani na mabakuli makuukuu, hata juu ya kurasa za gazeti. Mwaka 2018, kwenye maonyesho yake huko Gateshead, alitundika vitambaa alivyovichora kwa mpangilio wa kanga, vikining'inia juu kama bendera. Wakosoaji wa kule huzungumzia rangi zake kali na michoro inayojirudia. Sisi tunaona pindo, tunaona mji, na macho yanashuka yenyewe kutafuta jina. Jina lipo, kwa Kiingereza. Mara ya kwanza kuwaonyesha wanafunzi picha za maonyesho yale, binti mmoja wa mstari wa nyuma alilisoma kwa sauti, akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Anamwambia nani?"