Mbwa Koko Huanzia Nyumbani: Elimu ya Kufunga Kizazi Mbwa na Paka

Mbwa koko wanapozidi mtaani, watu huuliza mambo mawili: wametoka wapi, na nani awaondoe. Swali la kwanza lina jibu ambalo wengi hawapendi kulisikia. Sehemu kubwa ya mbwa na paka wanaozurura inatokana na mama aliyekuwa na kwao. Jike alifugwa, akapewa jina na makombo, akashika mimba ambayo hakuna aliyeipanga, akazaa wanane. Wawili wakagawiwa majirani, wengine wakafa, waliobaki wakatiwa kwenye boksi na kwenda kuachwa jalalani usiku. Mwaka haujaisha, majike wa boksi lile nao wana mimba.

Ndiyo maana sisi madaktari wa wanyama tunapopiga kambi ya kufunga kizazi, mtu wa kwanza tunayemtafuta ni mwenye mbwa. Mbwa wa jalalani tutamfikia, lakini tukimhudumia yeye peke yake huku mageti yakiendelea kutoa watoto, tutakuwa tunarudi kila mwaka kuanza upya.

Tuanze na uzazi wenyewe, kwa sababu watu wengi waliokuja kwetu na jike mwenye mimba walidhani bado wana muda. Paka jike anaweza kupata joto, yaani kuwa tayari kupandwa, akiwa na miezi minne tu, umri ambao watu wa nyumbani bado wanamwita mtoto. Mayai yake huachiliwa kwa kupandwa kwenyewe, hivyo akikutana na dume ni nadra asishike mimba. Mimba huchukua kama siku 63 hadi 65, na anaweza kushika nyingine wakati bado ananyonyesha. Jike mmoja akizaa mara mbili au tatu kwa mwaka, si ajabu.

Mbwa huenda polepole kidogo. Joto la kwanza kwa kawaida huja kati ya miezi 6 na 12, mbwa wa maumbo makubwa wakichelewa zaidi, kisha hurudi kila baada ya miezi sita hivi. Kila joto huchukua takriban wiki tatu, na hapa ndipo wengi hukosea. Humfungia jike siku anazotoka damu. Damu ikianza kufifia na kuwa maji mekundu hafifu, humfungulia wakiamini yameisha. Kumbe siku hizo ndizo anazokubali dume.

Yako mabango yanayodai kuwa paka mmoja na kizazi chake wanaweza kufikia mamia ya maelfu kwa miaka michache. Mimi siyatumii. Hesabu ile inachukulia kwamba kila kitoto kinaishi, na ukweli ni mchungu kuliko hivyo. Watoto wengi wa paka wa mtaani hufa kabla ya kutimiza miezi sita. Wanakufa kwa njaa, kwa mafua yanayoziba macho na pua, kwa magari, kwa viroboto wanaowanyonya damu mpaka ukimfungua mdomo unakuta fizi nyeupe. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu kubwa ya kazi hii, hata kabla ya kuzungumzia kelele na uchafu wa mtaani.

Kinachofanyika mezani

Upasuaji wa jike hufanyika akiwa amelala usingizi mzito wa dawa, hasikii chochote. Daktari hunyoa na kusafisha tumbo, hupasua sehemu ndogo, kisha hutoa vifuko viwili vya mayai, mara nyingi pamoja na mji wa mimba. Kwa paka mdogo mwenye afya, mji wa mimba ni mwembamba kama kamba ya kiatu, na mikono iliyozoea humaliza kazi kwa muda mfupi. Kwa dume kazi ni nyepesi zaidi: korodani hutolewa kupitia chale ndogo, na kwa paka dume hata mshono mara nyingi hauhitajiki.

Linganisha hilo na jike mwenye umri wa miaka minane anayeletwa hajala siku tatu, anakunywa maji bila kukoma, tumbo limejaa. Ukifungua unakuta mji wa mimba uleule umevimba, umejaa usaha, na ukipasuka mkononi mgonjwa anaweza kufia hapo hapo. Ugonjwa huu huja wiki chache baada ya joto kwa majike wasiofungwa kizazi. Nchini Sweden, ambako desturi ya kuwafunga kizazi majike haikuenea, kumbukumbu za bima za mbwa zilionyesha kuwa karibu jike mmoja kati ya wanne huupata kabla ya kufikisha miaka 10. Tiba ya uhakika ni upasuaji ambao ungefanyika mapema kwa usalama, ila sasa unafanywa kwa mgonjwa aliyedhoofika. Jike aliyefungwa kizazi mapema pia hupungukiwa sana na hatari ya uvimbe wa matiti, ambao kwa paka mara nyingi huwa saratani kali. Dume aliyehasiwa hapati kabisa saratani ya korodani.

Wanaokataa huwa na sababu, na sababu zao zinastahili kujibiwa kwa heshima. "Daktari, mwache azae mara moja kwanza, ndiyo afya yake." Hakuna faida ya kiafya inayojulikana ambayo jike huipata kwa kuzaa mara moja. "Mlinzi wangu atalegea." Mbwa hulinda kwa sababu anaijua nyumba na watu wake, na hilo haliko kwenye korodani. Linalopungua ni kuruka ukuta kufuata majike na kurudi na majeraha, na kwa paka dume, kunyunyiza mkojo wenye harufu kali ukutani. Hata hivyo simwahidi mtu kwamba kuhasi kutamtibu mbwa anayeuma. Anayeuma kwa woga atahitaji kufundishwa, na dawa ya kwanza ya woga ni kumzoesha watu, watoto na sauti za nyumbani akiwa bado mdogo, tangu wiki ya tatu hadi kama ya kumi na nne.

Wapo wanaohofia kuwa ni kuingilia kazi ya Mungu. Siwezi kumjibu mtu imani yake. Ninachoweza kumwambia ni kwamba tulipomtoa mnyama huyu porini na kumleta uani, tulichukua pia dhamana ya wale anaowazaa, na boksi la jalalani ni kuikimbia dhamana hiyo.

Madhara yapo, na mtu aambiwe kabla hajaweka sahihi. Mwili wa mnyama aliyefungwa kizazi hutumia chakula kidogo kuliko awali, kwa hiyo asipopunguziwa, kwa karibu robo hivi, atanenepa, na unene nao ni ugonjwa. Baadhi ya mbwa jike huvuja mkojo wakiwa usingizini miaka ya baadaye, hali ambayo mara nyingi hutibika kwa dawa. Kwa mbwa wa maumbo makubwa, kufanya mapema mno kunaweza kuathiri viungo vinavyoendelea kukua, hivyo daktari anaweza kushauri kusubiri. Paka hana sababu ya kusubiri hivyo: miezi minne ni umri mzuri.

Kichaa cha mbwa

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wanne kati ya kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Karibu wote waliambukizwa na mbwa. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Ukiumwa au hata kukwaruzwa na mbwa usiyemjua, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo. Usisubiri uone mbwa atafanyaje.

Kinachozuia ugonjwa huu ni chanjo. Mbwa 7 kati ya 10 wakichanjwa katika eneo, mnyororo wa maambukizi hukatika. Ugumu ni kuibakiza idadi hiyo. Mbwa wa mtaani wana maisha mafupi na wanazaana haraka, hivyo unachanja mwezi huu, na mwaka ukipita, nusu ya mbwa unaowaona ni wapya ambao hawajaguswa na sindano. Kufunga kizazi kunasaidia hapo: wazaliwa wapya wanapungua, waliochanjwa wanaishi muda mrefu, kinga inadumu. Kwa hiyo kambi nzuri hufanya yote mawili, mshono na chanjo, kwa mnyama yuleyule siku ileile.

Kuwawekea sumu au kuwapiga risasi hakujaondoa kichaa cha mbwa kokote kwa njia ya kudumu. Wanaokufa ni pamoja na waliochanjwa, na chakula kilichobaki jalalani huwavuta wengine kutoka mitaa ya jirani, au huwalisha vizuri zaidi watoto wa wale walionusurika. Tena sumu hailengi. Huua paka wa mtu, kuku, na inaweza kumfikia mtoto.

Ukija kambini

Mnyama mzima asile tangu usiku wa kuamkia upasuaji. Maji aachiwe mpaka asubuhi. Akitapika akiwa kwenye usingizi wa dawa, chakula kinaweza kuingia mapafuni. Watoto wadogo sana wa mbwa na paka hawanyimwi chakula muda mrefu hivyo kwa sababu sukari mwilini hushuka haraka, kwa hiyo uliza kabla. Na hapa naomba ukweli: kama mtoto nyumbani alimrushia kipande cha ugali saa kumi na moja alfajiri, tuambie. Tutamsogeza tu nyuma kwenye foleni au tumpangie siku nyingine, hatutamgombeza mtu.

Mbwa aje na kamba shingoni, ameshikwa na mtu mzima anayemzoea. Paka asibebwe mikononi, hata awe mpole kiasi gani. Mbwa mmoja akibweka, paka atakuacha na mikwaruzo na hutamwona tena siku hiyo. Mtie kwenye kikapu chenye kifuniko au boksi lenye matundu.

Jioni atarudi akiwa analegalega. Usiku wa kwanza ni wa joto na utulivu: alale ndani, sakafuni, juu ya kitambaa kikavu, mbali na ngazi na mbali na wanyama wengine. Chakula kidogo akishaweza kusimama vizuri. Asiogeshwe wala kukimbia kwa siku kama kumi, na mshono utazamwe kila asubuhi. Uvimbe mdogo ni kawaida, lakini damu inayotiririka, usaha, harufu mbaya au mshono uliofunguka, mrudishe mara moja. Usimpe dawa zako za maumivu. Paracetamol huua paka, hata kidonge kimoja, na ibuprofen huharibu tumbo na figo za mbwa. Dume aliyehasiwa leo bado anaweza kumpa jike mimba kwa wiki kadhaa, basi watenganishwe mpaka kama wiki sita zipite.

Paka wa mtaani wasio na mwenyewe, wakiwamo paka shume wasioshikika, hunaswa kwa mtego, hufungwa kizazi, huchanjwa na kurudishwa palepale. Ncha ya sikio moja hukatwa wakiwa wamelala ili ajulikane kwa mbali. Ukimwona paka mwenye sikio lililokatwa bapa namna hiyo, ameshahudumiwa. Mwache abaki, maana akiwepo yeye, wapya hupata shida kuingia.

Kwa viongozi na vikundi vinavyoandaa kambi nina ombi moja kubwa. Msitawanye nguvu. Wanyama mia moja waliotoka mitaa ishirini watakuwa wamepata afya, lakini idadi ya wanaozaliwa haitabadilika kwa kiasi cha kuonekana. Wale wale mia moja wakitoka mtaa mmoja, tofauti itaonekana katika misimu michache. Chagueni eneo, hesabuni mbwa na paka nyumba kwa nyumba kabla, mwanzie kwa majike, na msihamie kwingine mpaka majike walio wengi, angalau 7 kati ya 10, wawe wamefungwa kizazi. Tarehe ya kurudi itangazwe siku ileile ya kambi, kwa sababu majike wanaonyonyesha na wale waliokuja wagonjwa watakuwa wamerudishwa nyumbani bila kuguswa, na wao ndio watakaozaa tena msipowafuata.

Na kwa anayefikiria kuchukua mtoto wa mbwa au paka sasa: mbwa huishi miaka 10 hadi 13, paka hufika 15 na zaidi. Piga hesabu ya chakula, dawa za minyoo na kupe, chanjo ya kichaa cha mbwa akifikisha miezi mitatu na marudio yake, na nani atamwangalia ukisafiri. Kama umeiona hesabu na bado unamtaka, mchukue akishatimiza wiki nane, na siku hiyohiyo umwulize daktari ni mwezi gani umlete afungwe kizazi.