Je, Wajua Kwa Nini Daktari wa Meno Huamua Kufanya Kazi Kijijini?

Wengi hudhani kwamba daktari wa meno anayefungua kliniki mbali na jiji amekosa nafasi mjini au amefuata fedha. Nchini Marekani dhana ya fedha ina ukweli wake, kwa kuwa wahitimu wenye mikopo ya masomo huanza kazi wakidaiwa wastani wa karibu dola 300,000. Mpango wa serikali kuu uitwao National Health Service Corps, ulioanzishwa mwaka 1970, humpunguzia mhitimu deni hilo kwa hadi dola 50,000 akikubali kutumikia miaka miwili katika eneo lenye upungufu wa madaktari wa meno, kwa mfano lile ambalo daktari mmoja wa meno ana watu 5,000 au zaidi wa kuwahudumia.

Hata hivyo, mkataba una mwisho wake, na swali la maana ni kwa nini baadhi yao hubaki baada ya kuumaliza. Sababu yenye uzito kuliko zote ni makuzi: aliyekulia kijijini ndiye mwenye uwezekano mkubwa wa kurudi huko. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2010 uliohuishwa mwaka 2021, linashauri vyuo vipokee vijana wa vijijini na kuwapa mafunzo hukohuko. Chuo cha meno cha East Carolina University, kilichopokea wanafunzi wa kwanza mwaka 2011, hudahili wakazi wa jimbo lake la North Carolina, huko Marekani, pekee, na katika mwaka wa mwisho huwapeleka kutibu wagonjwa katika kliniki zake zilizotawanywa jimboni, zikiwemo za miji midogo kama Ahoskie na Spruce Pine. Kwangu mimi hiyo ni busara kubwa, maana kijana huyaonja maisha ya huko kabla ya kuamua.

Tena kazi yenyewe huvutia. Jijini mgonjwa anayehitaji kutibiwa mzizi wa jino hupelekwa kwa bingwa mmoja, na mwenye gego la mwisho lililokwama akapelekwa kwa mwingine. Kijijini, ambako bingwa yuko mwendo wa saa kadhaa kwa gari, daktari yuleyule huziba, hung'oa, hutibu mizizi na kutengeneza meno ya bandia, na anayeipenda kazi ya mikono yake huona ujuzi wake wote ukitumika. Humtibu bibi, kisha binti yake, kisha mjukuu, hata akaijua historia ya vinywa vya ukoo mzima. Gharama za jengo nazo ni nafuu, na pengine yupo daktari mzee anayestaafu ambaye angependa kumuuzia kliniki iliyokwisha kuwa na wagonjwa.

Linalowaondoa wengine, licha ya kupapenda mahali, ni kwamba mume au mke hapati kazi inayolingana na elimu yake, kwa hiyo wenyeji wanaotaka daktari wao abaki hawana budi kumfikiria pia mwenzi wake.