Nani angemwambia George Lucas "hapana"?

Mashabiki wa Star Wars, mfululizo wa filamu za vita vya angani alioubuni George Lucas, wana hadithi mbili zinazopingana, na mimi, mhariri wa filamu, zote mbili zinanikera. Ya kwanza inasema kila kilicho kizuri kilitoka kichwani mwa George Lucas, na wengine walikuwa wanamshikia vifaa tu. Ya pili, ambayo siku hizi ndiyo inayovuma, inasema Lucas alikuwa na mawazo matupu, na kwamba filamu ya 1977 iliokolewa mezani na wahariri, hasa Marcia Lucas, aliyekuwa mke wake wakati huo. Hakuna chumba cha uhariri nilichowahi kukikalia kilichofanya kazi kwa namna yoyote kati ya hizo.

Tuanze na tunachokijua. Lucas alipiga picha Tunisia na Uingereza mwaka 1976. Mhariri wake wa kwanza, John Jympson, aliunganisha picha kwa mwendo ambao Lucas hakuukubali hata kidogo. Wakaachana. Kazi ikaanza upya California na watu watatu: Marcia Lucas, Richard Chew na Paul Hirsch, ambao mwaka 1978 walipokea Oscar ya uhariri. Sini za mwanzo za shujaa wa hadithi, Luke, na rafiki yake Biggs kwenye sayari yao ya Tatooine zikaondolewa, ndiyo maana leo tunakutana na Luke siku ile tu maroboti yanapouzwa shambani kwao. Katika vita vya mwisho, skripti ilimtaka Luke aushambulie mara mbili mfereji ulio juu ya Death Star, kituo kikubwa cha adui chenye uwezo wa kulipua sayari. Ikabaki mara moja.

Lakini jambo ninalolirudia kila ninapofundisha vijana ni lile tishio. Kwenye skripti, Death Star haikuwa imebakiza dakika chache kuilipua kambi ya waasi. Hofu hiyo ilijengwa baada ya picha kupigwa: matangazo ya sauti yaliyorekodiwa baadaye, michoro ya kwenye viwambo, na shoti zilizoazimwa kutoka sini ya kulipuliwa kwa sayari ya Alderaan. Ukiiondoa saa hiyo inayohesabu, unabaki na ndege zinazozunguka tu. Huo ni uhariri wa hali ya juu kabisa.

Je, ndiyo "kuokolewa"? Mkusanyo wa kwanza wa filamu yoyote ile hautazamiki. Na aliyeukataa mkato wa Jympson, yaani namna alivyoziunganisha picha, ni nani? Ni Lucas mwenyewe, ambaye kwa moyo wake ni mhariri kabla ya kuwa mwongozaji. Kabla efekti hazijakamilika, alichukua vipande vya mapigano ya ndege za Vita vya Pili vya Dunia, akaviunga ili mafundi wake waone kasi anayoitaka. Mtu asiye na maono hawezi kukataa mkato, kwa sababu hana cha kuulinganisha nao. Sifa ya wahariri wale watatu haipungui tukisema hivyo.

Walichompa wenzake ni vitu ambavyo peke yake asingevifikia. Mchoraji Ralph McQuarrie ndiye aliyemchorea adui mkuu, Darth Vader, kinyago cha kupumulia, akiwaza kwamba mtu anayetoka chombo kimoja kwenda kingine angani hapati hewa. Fundi wa sauti Ben Burtt akakipa kinyago hicho pumzi, akirekodi kifaa cha kupumulia cha wapiga mbizi. Waandishi Willard Huyck na Gloria Katz wakayasafisha mazungumzo bila majina yao kuandikwa. Marcia ndiye aliyependekeza Obi-Wan, mwalimu mzee wa Luke, afe, na Lucas alilieleza hilo mwenyewe hadharani mwaka huohuo wa 1977. Fikiria: mwandishi amekwama, mzee wake wa hekima hana kazi tena katika theluthi ya mwisho, na mke wake anamwambia amuue. Ushauri kama huo hautoki kwa mtu anayehofia kibarua chake.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame. Tunapozungumzia ushirikiano tunahesabu watu, kana kwamba wengi ni bora kuliko mmoja. Mimi naangalia ni nani kati yao ana ujuzi wa kutosha na haogopi.

Filamu ya pili, The Empire Strikes Back ya 1980, inaonyesha hilo vizuri kuliko filamu nyingine zote za mfululizo huu. Lucas, akiwa amechoshwa na uongozaji, alimkabidhi Irvin Kershner, mtu aliyemzidi umri kwa zaidi ya miaka 20 na aliyewahi kufundisha chuo kilekile alichosoma Lucas, Chuo Kikuu cha Kusini mwa California (USC). Mwalimu hamwogopi mwanafunzi. Jibu la rubani Han Solo, "Najua", pale binti mfalme Leia anapomwambia anampenda, halikuwa kwenye skripti. Kershner na Harrison Ford, aliyemwigiza Solo, walilitafuta palepale walipokuwa wakipiga picha. Wale wanaodai kwamba filamu hii ni nzuri kwa kuwa Lucas alikaa pembeni, hata hivyo, wana swali la kujibu. Rasimu ya kwanza iliandikwa na Leigh Brackett, na ndani yake baba yake Luke na Vader ni watu wawili tofauti. Brackett alifariki Machi 1978. Lucas akaishika kalamu mwenyewe, na katika rasimu iliyofuata Vader akawa baba. Lawrence Kasdan akaja kuiandika upya yote, lakini siri kubwa kuliko zote katika mfululizo ilikuwa tayari imetoka kwa mtu mmoja aliyekaa na karatasi yake.

Uhuru huo wa Kershner ulikuwa na gharama. Muda ulizidi, bajeti ilizidi, na Lucas alikuwa akiigharimia filamu kwa fedha zake na mikopo ya benki. Namwelewa aliyeona kila siku ya ziada ya Kershner ikimla mfukoni. Gary Kurtz, mtayarishaji aliyekuwa na Lucas tangu American Graffiti, filamu yake ya kabla ya Star Wars, hakuwemo katika filamu ya tatu.

Hiyo ya tatu, Return of the Jedi ya 1983, nitaipita haraka, ila nisiache jambo moja linalotuhusu. Rubani anayekaa kando ya Lando, mmoja wa waasi, katika vita vya mwisho, Nien Nunb, anasema maneno ambayo msemaji wa Kikuyu anayatambua papo hapo. Sauti ile ni ya Mkenya, Kipsang Rotich. Lucas hakuyaandika maneno yale. Yalitoka upande wa sauti, kwa Burtt, ambaye alikuwa na nafasi ya kutafuta anachokitaka popote.

Sasa twende 1999. Kwenye filamu ya kumbukumbu kuhusu utengenezaji wa The Phantom Menace, filamu ya Star Wars ambayo Lucas alirudi kuiongoza mwenyewe, kuna dakika ambazo kila mhariri anapaswa kuzitazama. Lucas na watu wake wametoka kuutazama mkato wa awali. Nyuso zimepoa. Ben Burtt, safari hii akiwa mmoja wa wahariri, anaeleza kwa upole kwamba ndani ya dakika moja na nusu hivi tunaomboleza kifo cha shujaa, tunakimbizwa, tunachekeshwa na kiumbe aitwaye Jar Jar, kisha tunarudi kwa Anakin, mtoto atakayekuja kuwa Vader. Yuko sahihi kabisa. Lucas anakiri kwamba huenda amevuka mpaka mahali fulani, kisha anasema filamu imebuniwa hivyo, na hali hiyo haiwezi kutenguliwa, inaweza tu kupunguzwa makali.

Burtt ni yuleyule wa 1977. Sikio lake ni lilelile. Hapana yake, hata hivyo, ilikuja picha zikiwa zimeshapigwa, na ncha nne za hadithi, yaani matukio hayo yanayokwenda sambamba mwishoni, zimefungwa pamoja kiasi kwamba ukivuta moja nyingine zinafumuka. Ilihitajika kwenye skripti, na kwenye skripti Lucas alikuwa peke yake. Alikuwa mwandishi, mwongozaji, mwenye kampuni na mwenye fedha kwa wakati mmoja. Sisemi ni kiburi. Ron Howard amesimulia kwamba Lucas alimwomba aiongoze filamu hiyo, na kwamba wengine nao waliombwa, wakamwambia aifanye mwenyewe. Aliokuwa nao karibu walikuwa waajiriwa wake, na wengi wao walikuwa wamelelewa na filamu zake. Ni vigumu sana kumwambia mtu aliyekufanya uipende kazi hii kwamba ukurasa wa 40 haufanyi kazi.

Mwaka 2012 aliiuzia Disney kampuni kwa takriban dola bilioni 4.05, akawakabidhi pia muhtasari wa hadithi za filamu tatu zijazo. Hawakuufuata. Hapo tukaona upande wa pili: wa kukataa walikuwa tele, mwenye ramani hakuwepo. Mwongozaji J.J. Abrams alifungua filamu hizo tatu mwaka 2015, Rian Johnson akaandika na kuongoza ya 2017 kwa njia yake, Colin Trevorrow akaondolewa kwenye ya 2019 na Abrams akarudishwa. Filamu ya 2017 inatuambia wazazi wa Rey, shujaa wa filamu hizo, ni watu wasio na jina. Ya 2019 inasema Rey ni mjukuu wa Palpatine, mfalme mwovu wa filamu za awali. Naipenda sana ya Johnson, na nakubali kwamba jibu lolote kati ya hayo lingeweza kubeba filamu tatu. Yote mawili kwa pamoja hayawezi.

Kazi iliyonirudishia imani ilikuja kupitia televisheni. Tony Gilroy, aliyeitwa kuifanyia marekebisho Rogue One, filamu inayosimulia yaliyotangulia tu ile ya 1977, kabla haijatoka mwaka 2016, alipewa mfululizo wa Andor, ikatoka kwa misimu miwili, 2022 na 2025. Hakuongoza hata sehemu moja. Aliwagawia waongozaji tofauti, akaandika na waandishi wenzake akiwemo ndugu yake Dan, lakini tangu mwanzo ilijulikana hadithi inaishia wapi: mlangoni mwa Rogue One, bila njia ya kutokea. Na mmoja wa wahariri wake wakuu ni John Gilroy, ndugu yake mwingine, aliyekuwa pia kwenye uhariri wa Rogue One. Ukitaka kujua kwa nini sini ndefu za watu wawili kukaa na kuzungumza hazichoshi kwenye Andor, anza kwa kuangalia mahali anapokata John, na ni mara ngapi anaacha kukata.