Dhiraa 16: kipimo cha maji kilichoamua maisha ya Misri ya kale

Wanafunzi wanapokuja makumbusho na kuona picha za piramidi, swali la kwanza huwa ni la mawe: yalipandishwaje? Ni swali zuri, lakini mimi huwatangulizia jingine. Wale waliobeba mawe walikula nini? Sehemu kubwa ya Misri hupitisha mwaka mzima bila mvua ya kulowesha shamba. Chakula chote kilitegemea mto mmoja, tena kilitegemea kimo cha maji ya mto huo katika majuma machache ya mwaka. Hapo ndipo ningependa tukae leo.

Naili ni jina lililotokana na Wagiriki. Wamisri wenyewe waliuita Iteru, yaani mto, basi. Nchi yao waliiita Kemet, Nchi Nyeusi, kwa sababu ya tope jeusi lililoachwa na mafuriko. Tope lilipokoma ndipo ilipoanza Deshret, Nchi Nyekundu, na hiyo ni jangwa. Hata leo mpaka huo unaonekana wazi: mtu anaweza kukanyaga shamba kwa mguu mmoja na mchanga kwa mguu wa pili.

Tope hilo halikutoka kwetu, ingawa wengi Afrika Mashariki huamini hivyo. Maji ya Ziwa Victoria, yakiwamo yale yanayoletwa na Mto Kagera kutoka Burundi, Rwanda na Tanzania, huteremka mwaka mzima bila kupanda na kushuka sana, na karibu nusu yake hupotea kwa mvuke katika vinamasi vya Sudd huko Sudan Kusini. Msaada wake mkubwa ulikuwa kuufanya mto usikauke miezi ya maji machache. Mafuriko yenyewe yalizaliwa Ethiopia. Mvua za Juni hadi Septemba hunyesha juu ya milima ile, zikashuka kwa nguvu kupitia Naili ya Buluu na Mto Atbara, zikiwa zimebeba udongo wa miamba ya volkano. Wamisri hawakuiona mvua hiyo. Waliona tu mto ukivimba chini ya jua kali la kiangazi, bila wingu hata moja angani.

Kwa hiyo mwaka wao waliugawa kwa kuufuata mto. Akhet ulikuwa msimu wa maji, Peret msimu wa mimea kuchipua, na Shemu msimu wa mavuno, kila mmoja miezi minne. Miezi 12 ya siku 30, ukiongeza siku tano za sikukuu, inafanya siku 365. Dalili ya kuja kwa maji waliitafuta angani: nyota ya Sirius, waliyoiita Sopdet, hupotea machoni kwa siku zipatazo 70, kisha huonekana tena alfajiri, jua likikaribia kuchomoza, karibu na wakati mto ulipoanza kupanda. Kalenda hiyo haikuwa na siku ya nyongeza kila mwaka wa nne, hivyo ilihama polepole, na baada ya karne kadhaa msimu ulioandikwa wa mafuriko ukaangukia wakati wa mavuno. Mkulima hakuhangaika. Yeye aliyatazama maji.

Mwanahistoria Mgiriki Herodotus aliandika kwamba nchi ile ni zawadi ya mto. Maneno hayo yanarudiwa sana, nami naona yanawanyima wakulima haki yao. Kuna rungu la sherehe la mwaka 3100 KK hivi, lililochongwa picha ya mfalme akiwa na jembe mkononi kando ya mfereji. Mfalme na jembe! Watu wale waliligawa bonde kwa matuta ya udongo wakapata majaruba, kama ya wakulima wa mpunga wa Shinyanga, ila yao yalikuwa makubwa kupita kiasi. Maji yalifunguliwa yaingie, yakakaa majuma sita hadi nane huku tope likituama, kisha yakaachiliwa yarudi mtoni. Yalipotoka yaliondoka na chumvi ya ardhini. Ndiyo maana mashamba yale yalilimwa maelfu ya miaka bila kuharibika, wakati sehemu za kusini mwa Iraki ya kale ziliathirika vibaya kwa chumvi. Kwenye tope bichi walipanda ngano, shayiri na kitani. Mipaka iliyofunikwa ilipimwa upya kwa kamba zenye mafundo.

Lakini maji kiasi gani? Wazee wetu wa pwani walipima kitambaa kwa dhiraa, toka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Wamisri nao walipima kwa mkono huohuo, ila dhiraa yao ya kifalme ilikuwa ndefu zaidi, karibu sentimita 52, na iligawanywa katika viganja saba na vidole 28. Kwenye kisiwa cha Elephantine, Aswan, bado zipo ngazi za mawe zinazoshuka mtoni, ukutani zikiwa na alama za kusomea kimo cha maji. Jiwe la Palermo, lililochongwa kumbukumbu za wafalme wa mwanzo, lina kisanduku kwa kila mwaka, na chini yake kimo cha mafuriko: dhiraa, viganja, vidole. Mwaka baada ya mwaka, mtu aliandika. Kimo hicho kiliwapa watawala picha ya mavuno na kodi kabla mbegu haijafika ardhini.

Mrumi Pliny, karne ya kwanza baada ya Kristo, alieleza kwamba dhiraa 12 ni njaa, 13 bado ni njaa, 14 ni uchangamfu, 15 ni utulivu wa moyo, na 16 ni furaha. Kati ya njaa na furaha ni dhiraa nne, mita mbili na kidogo! Katika Makumbusho ya Vatican ipo sanamu ya Kirumi ya Naili katika umbo la mzee aliyejilaza, na watoto 16 wanampanda mwilini. Kila mtoto ni dhiraa moja.

Maji yalipozidi, yalibomoa matuta na nyumba za matofali ya udongo. Yalipopungua ilikuwa msiba. Karibu mwaka 2200 KK mafuriko hafifu yalifuatana, na dola iliyojenga piramidi ikasambaratika. Sababu za siasa nazo zilikuwapo, ila njaa iliacha ushahidi: kwenye kaburi la mtawala wa jimbo aitwaye Ankhtifi, huko Mo'alla, imeandikwa kwamba kusini yote ya Misri ilikuwa ikifa kwa njaa, hata watu wakala watoto wao. Huenda alikuza mambo ili asifiwe kwa nafaka aliyogawa. Hofu yenyewe, hata hivyo, ilikuwa ya kweli.

Ndiyo maana maji yaliingia hadi kwenye hukumu ya wafu. Marehemu, akiwa mbele ya Osiris, mungu wa wafu, alitakiwa kukana makosa yake moja baada ya jingine, na miongoni mwa maneno yake alisema kwamba hakuyazuia maji wakati wake, wala hakuyajengea boma maji yanayopita. Kumzibia jirani mfereji kulihesabiwa pamoja na kuua na kupunja mizani.

Sijasema lolote kuhusu usafiri wa mtoni, na ulikuwa mkubwa. Mto huelekea kaskazini, upepo huvuma kuelekea kusini. Tanga lilikupeleka, mkondo ukakurudisha. Mwaka 2013, huko Wadi al-Jarf kwenye pwani ya Bahari ya Shamu, yalipatikana maandishi ya afisa aitwaye Merer, wa enzi ya Farao Khufu, yakieleza siku kwa siku jinsi watu wake walivyosafirisha mawe ya chokaa kwa mashua kutoka machimbo ya Tura hadi Giza, kwenye piramidi ya mfalme huyo. Yaliandikwa kwenye karatasi ya mafunjo, mmea uleule unaoota kando ya Ziwa Victoria.

Tangu Bwawa Kuu la Aswan likamilike mwaka 1970, mafuriko hayafiki tena, na tope hubaki nyuma ya ukuta. Kwenye kisiwa cha Roda, Cairo, kuna kipimo cha maji kilichojengwa mwaka 861, Misri ikiwa ya Waislamu, kikiendeleza kazi ileile ya kale. Nguzo yake ya marumaru bado imesimama katikati ya kisima, na alama zake za dhiraa zinaonekana. Mifereji iliyoingiza maji imezibwa. Wageni hushuka ngazi kuitazama nguzo.