Mota ya Mstari Haihesabiwi kama Mota ya Kuzunguka: Maelezo kwa Wanaowasilisha Michoro

Katika awamu hii ya kupokea michoro ya mota za induksheni za mstari, yaani mota ambazo uga wake wa sumaku husukuma bamba la alumini kwa mstari ulionyooka badala ya kuzungusha, maabara yetu hapa Kampala imerudisha majalada kadhaa kwa kosa lilelile: mwombaji amechukua hesabu za mota ya kuzunguka, akageuza mizunguko kwa dakika kuwa mita kwa sekunde, akaona amemaliza. Tunajua mafundi wa mtaa wa Katwe na wanafunzi wanaotuletea kazi hizi wanajituma kwa moyo, ndiyo maana tunaeleza.

Kasi ya uga wa sumaku haina utata: kwa umeme wetu wa hezi 50 na umbali wa mita 0.1 kati ya ncha moja ya sumaku na inayofuata, uga husafiri mita 10 kwa sekunde. Ila mota ya mstari ina kingo mbili. Inaposonga, sehemu ya bamba la alumini ambayo bado haijapitiwa na sumaku huingia chini ya ukingo wa mbele, na ndani yake huzuka mikondo inayoupinga uga, hivyo msukumo hupungua.

Modeli ya sakiti aliyoichapisha mtafiti J. Duncan mwaka 1983 hulipima jambo hili kwa namba Q, yaani urefu wa mota ukigawanywa kwa kasi, kisha kwa muda wa kufifia kwa mikondo ya bamba. Indaktansi ya usumakishaji, yaani uwezo wa koili kujenga uga wa sumaku, huzidishwa kwa 1 − (1 − e^(−Q))/Q. Mota ya mita 1 yenye muda huo wa kufifia wa sekunde 0.05 hubakiza takribani asilimia 75 ya indaktansi hiyo ikienda mita 5 kwa sekunde, na asilimia 60 ikifika mita 9. Kwa hiyo ombi la waombaji la kukata kiwango kilekile cha asilimia kwa kasi zote, ambalo tumelijibu mara nyingi mno, halikubaliki. Wala isisemwe kwamba mota hizi hazifai: treni nyingi za SkyTrain, reli ya mjini ya Vancouver nchini Kanada, zimeendeshwa nazo tangu 1985.

Jalada liwe na nakala mbili. Ukinzani wa koili upimwe mota ikiwa baridi, kisha ikiwa imepata joto, na vipimo vyote viwili viandikwe pamoja na halijoto. Pengo la hewa kati ya mota na bamba lipimwe kwenye pembe zote nne za mota, si katikati pekee. Grafu ya msukumo na kasi ioneshe angalau kasi tano, na thamani ya Q iandikwe kando ya kila moja. Jalada lenye upungufu hurudishwa na maelezo. Likiletwa tena na upungufu uleule, mwombaji hupoteza nafasi yake ya majaribio hadi awamu ijayo.